Deizi za Kiafrika bustanini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa hasa kwa wanaolima maua kwenye nyanda za juu: Lushoto, Arusha, Iringa, Njombe, Nairobi, Limuru, Kabale na miji ya aina hiyo. Wa pwani na walio ughaibuni wana sehemu yao pia. Ukiyasoma yote utaona jambo moja linarudi tena na tena: deizi nyingi zinazokufa bustanini huuawa na maji, kivuli na mbolea. Zinazokufa kwa ukame ni chache mno.

Deizi za Kiafrika ni maua gani hasa?

Jina hilo linabebwa na maua ya aina kadhaa, yote ya ukoo mmoja na alizeti. Kwenye vitalu vya barabarani utakutana zaidi na manne.

Gerbera ni ile yenye majani mapana yanayotoka chini kwa pamoja, na ua moja kubwa juu ya kikonyo kitupu kisicho na jani hata moja. Ya pili ni kichaka cha kimo cha goti, petali nyeupe, waridi au zambarau na kitovu cha buluu iliyokolea. Kibandiko chake huandikwa Osteospermum au Dimorphotheca. Hapa nitaiita deizi ya kichaka. Ya tatu ni gazania, inayotambaa, majani yake membamba yakiwa meupe upande wa chini, maua ya njano na ya chungwa yenye pete nyeusi katikati. Ya nne ni deizi ya Namaqualand, ya rangi ya chungwa, inayoota kwa mbegu, kuchanua na kufa ndani ya msimu mmoja.

Jua kwanza unayo ipi. Ushauri unaoiokoa gazania unaweza kuiumiza gerbera.

Asili yake ni wapi?

Zote nne ni za Afrika Kusini, lakini kila moja ina kwao.

Deizi ya Namaqualand hutoka kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, kwenye nyika ambako sehemu kubwa haipati hata milimita 250 za mvua kwa mwaka. Mvua yenyewe hunyesha wakati wa baridi, kuanzia Mei hadi Agosti, kisha Agosti na Septemba nyika nzima inageuka rangi ya chungwa na watu husafiri mbali kwenda kuona. Deizi ya kichaka ninayoizungumzia ni ya upande wa Rasi Mashariki, gazania hustawi kwenye mchanga wa pwani ya kusini, na gerbera ni ya miteremko ya nyasi na mawe karibu na mji wa Barberton, mkoa wa Mpumalanga, ambako mvua hunyesha wakati wa joto.

Kwa hiyo gerbera imezoea mvua ya wakati wa joto, lakini juu ya mteremko ambao maji hayatuami. Deizi ya Namaqualand imezoea kukua kwenye ubaridi na kumaliza kazi kabla ya joto. Ukikwama na mmea wako, jiulize unampa nini ambacho kwao hakupata. Mara nyingi jibu ni dimbwi la maji.

Je, huku kwetu hakuna deizi za porini?

Zipo, na inasikitisha kwamba hatuzijui. Kwenye nyasi za nyanda za juu za Kenya na Tanzania huota Gerbera viridifolia, mmea mdogo wenye ua la kiasi ambalo mpita njia hulikanyaga. Mwishoni mwa karne ya 19, baada ya gerbera ya Barberton kufika Uingereza na kuelezwa kisayansi mwaka 1889, mtunza bustani Richard Lynch wa bustani ya mimea ya Cambridge aliizalisha kwa kuichanganya na hiyo viridifolia. Gerbera za dukani leo zinatokana na mchanganyiko huo. Ukinunua shada la gerbera Nairobi au Dar es Salaam, umebeba nyumbani ua lenye nasaba na nyasi zetu.

Ukipanda Mlima Kenya au Kilimanjaro utakutana na ndugu mwingine, Haplocarpha rueppellii, aliyelala ardhini kabisa kwenye baridi ya juu, ua la njano likitoka katikati ya majani bila kikonyo cha kuonekana. Mtazame, mpige picha, umwache palepale.

Nipo Dar es Salaam (au Mombasa, Tanga, Unguja). Zitakubali?

Deizi ya kichaka itakusumbua. Ili ifunge matumba inahitaji usiku wa ubaridi. Usiku wa nyuzi 24 au 25 mmea huishi, hutoa majani, lakini maua huwa machache au hayaonekani kabisa. Ukiitaka sana, ipande Mei mwishoni ili ipate miezi ya kipupwe, na usiitegemee ifike Desemba ikiwa na afya.

Gazania ndiyo ya pwani. Jua kali, mchanga na upepo wa chumvi si vitu vigeni kwake. Gerbera nayo hukubali ikiwa kwenye chungu, mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita.

Nipande mwezi gani?

Inategemea mvua zako. Penye masika na vuli, kama Arusha, Lushoto na Nairobi, mimi hupendelea kupanda miche masika yanapoelekea kuisha, mwishoni mwa Mei. Udongo bado una unyevu wa kushikisha mizizi, mvua kubwa imepita, na ubaridi wa Juni hadi Agosti ndio hasa deizi ya kichaka inaoutaka. Penye msimu mmoja wa mvua, kama Iringa, Njombe na Mbeya, mbegu za Namaqualand zimwage Aprili. Zitakua kwenye baridi na kuchanua katikati ya mwaka, karibu sawa na kwao.

Njombe na Makete angalieni sakitu ya Juni na Julai. Deizi ya kichaka iliyokwisha kushika huvumilia sakitu nyepesi. Gerbera haivumilii, majani huungua. Ifunike kwa gunia usiku na ifunue jua likitoka.

Niiweke upande gani wa nyumba?

Deizi hizi zinataka jua lisilopungua saa sita kwa siku. Hapa watu wengi hukosea kwa sababu hupima jua siku waliyopanda tu. Huku kwetu, karibu na Ikweta na kusini yake, jua la Juni hupita upande wa kaskazini. Tuta lililo kusini mwa nyumba ndefu au ukuta linaweza kuwa na jua tele Desemba, kisha likakaa kivulini Juni na Julai, miezi ileile ya maua. Chagua upande wa mashariki au kaskazini, au mahali pa wazi mbali na ukuta.

Udongo wangu ni mfinyanzi mzito. Nifanyeje?

Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji jioni, yaache yanywewe, ujaze tena. Ukiamka asubuhi na maji bado yamo, usipande deizi hapo mpaka uinue tuta.

Tuta liwe juu kwa sentimita 20 hadi 30. Changanya udongo wako na mboji iliyoiva na kokoto ndogo au mchanga mkubwa wa mtoni. Mchanga laini kidogo ndani ya mfinyanzi haukusaidii, hushikana nao na tuta likawa gumu kuliko lilivyokuwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache huko. Maganda ya mpunga au ya kahawa yaliyooza ni mazuri sana kwa kulegeza udongo, na kwenye maeneo ya kilimo hupatikana kwa bei ndogo.

Samadi mbichi usiweke kabisa.

Nimwagilie mara ngapi?

Mche mpya, kila baada ya siku mbili hadi tatu kwa wiki mbili au tatu za mwanzo kama hakuna mvua. Baada ya hapo ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Pakiwa na unyevu, acha. Deizi ya kichaka na gazania zilizoshika huridhika na kumwagiliwa vizuri mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, na wiki ya mvua hazitaki hata tone lako. Gerbera hunywa zaidi kidogo.

Mwagilia asubuhi, chini ya majani. Kunyunyizia jioni kwa mpira, maji yakilala juu ya majani usiku kucha, ni kukaribisha ukungu.

Gerbera yangu imenyauka ghafla na udongo una maji. Nimwongezee?

Hapana! Swali hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu anaona mmea una kiu, anammiminia maji kwa huruma, na mmea unakufa siku mbili baadaye.

Fukua taratibu kwa kidole mpaka pale majani yanapokutana na mizizi. Utakuta kichwa kifupi kama kifundo, ndicho uhai wa gerbera. Kikiwa kigumu na cheupe ukikikwaruza kwa ukucha, mmea bado upo. Punguza maji, ondoa udongo uliokifunika, na usubiri. Kikiwa cha kahawia, laini, na majani yanachomoka yenyewe ukiyavuta kidogo, kimeoza. Wahusika ni vimelea vya aina ya Phytophthora na ndugu zake, vinavyosafiri ndani ya maji yaliyotuama udongoni. Vikishaingia kwenye kichwa hakuna dawa ya dukani itakayokurudishia mmea huo. Ung'oe, uuchome au uutupe mbali na lundo la mboji, na usipande gerbera nyingine palepale. Kama ulikuwa kwenye chungu, mwaga udongo wote na usugue chungu kwa sabuni na maji ya moto.

Kinga iko kwenye siku ya kupanda. Kichwa hicho kikae juu ya uso wa udongo kwa takriban sentimita moja, kionekane. Mche wa gerbera uliopandwa sawasawa huonekana kama umepandwa juu mno, na jirani atakuambia ufukie. Usimsikilize. Kila ukipalilia hakikisha udongo haujasukumwa juu yake, na matandazo yaishie umbali wa kiganja.

Mbona maua yangu yanafunga jioni? Ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Deizi ya kichaka, gazania na ya Namaqualand hufunga giza likiingia, na pia siku ya mawingu mazito. Kwa kufunga, huikinga chavua na umande na mvua. Ile nyeupe ukiitazama saa kumi na mbili jioni utaona uzuri mwingine: mgongo wa petali una rangi ya buluu ya chuma, na ua zima lililofungwa hubadilika rangi.

Kama yamefungwa saa tano asubuhi na jua limewaka, hapo umeziweka kivulini. Baadhi ya aina mpya zimezalishwa ili zisifunge, na gerbera haifungi. Ndiyo maana gerbera huuzwa kwa mashada na deizi ya kichaka haiuzwi. Ukiileta sebuleni hujifunga.

Majani mengi, maua hakuna. Tatizo nini?

Mbolea, mara nyingi. Samadi ya kuku au mbolea ya dukani ya CAN huupa mmea naitrojeni nyingi, nao hujenga majani. Acha mbolea kabisa kwa miezi miwili, kisha kama unataka tumia yenye potasiamu ya kutosha, kiasi kidogo, mara moja kwa mwezi wakati wa matumba tu. Gazania nimeiona ikichanua vizuri zaidi pembeni ya njia ya changarawe kuliko kwenye tuta lililotunzwa. Gerbera ndiyo inayokula: mbolea ya NPK nusu kijiko cha chai kwa kila shina, mbali na kichwa, kila wiki tano au sita, na mwagilia baada ya kuweka.

Sababu nyingine ni kivuli na joto la usiku, nimekwisha kuzieleza.

Majani machanga ya gerbera ni ya njano lakini mishipa ni ya kijani.

Hayapati madini ya chuma. Chuma kinaweza kuwepo udongoni lakini kikafungwa kwa sababu udongo una chokaa au alkali nyingi, au kwa sababu unamwagilia maji magumu ya kisima. Gerbera hupenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 5.5 hadi 6.5. Usiweke majivu wala chokaa karibu nayo, ongeza mboji, kusanya maji ya mvua, na dukani ulizia mbolea ya majani yenye chuma. Yakiwa majani ya zamani ya chini ndiyo ya njano, hilo ni jambo jingine: ni uzee, au naitrojeni imepungua.

Nazizalishaje?

Deizi ya kichaka na gazania ni rahisi kwa vipandikizi. Asubuhi kata ncha ya sentimita 7 hadi 10 isiyo na tumba, chini kidogo ya kifundo cha jani. Ondoa majani ya nusu ya chini. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, mwagilia mara moja, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi, na uweke kivulini. Baada ya wiki tatu au nne vuta kidogo. Kikikushikilia kimetoa mizizi. Fanya hivi kila mwaka hata kama huna haja ya miche, kwa sababu deizi ya kichaka ikifika mwaka wa tatu au wa nne huwa miti mitupu chini na maua machache juu.

Gerbera igawanye. Kila baada ya miaka miwili au mitatu shina hujaa vichwa; ng'oa lote, kata kwa kisu kisafi, kila kipande kiwe na kichwa chake na mizizi yake, punguza majani kwa nusu, panda juu juu kama nilivyoeleza. Mbegu za gerbera hupoteza uwezo wa kuota ndani ya miezi michache, kwa hiyo pakiti iliyokaa dukani mwaka mzima ni hela iliyopotea. Na mbegu za gerbera chotara hazitoi ua kama la mama yake.

Za Namaqualand zitakushangaza: ua moja hutoa mbegu za sura mbili, nyingine bapa zenye ubawa mwembamba, nyingine nene na ngumu. Usidhani hizo nene ni takataka. Zote ni mbegu. Zimwage, zifunike kwa udongo mwembamba wa milimita tatu, na utaona maua baada ya miezi miwili hadi mitatu.

Niyakate maua yaliyonyauka?

Ndiyo, kila wiki ukiweza. Ua likianza kufunga mbegu, nguvu ya mmea huelekea huko. Deizi ya kichaka ikate chini mpaka kwenye jani, na wimbi la kwanza la maua likiisha punguza kichaka kizima kwa theluthi moja. Usikate kwenye mti mkavu usio na majani, haichipui hapo. Gerbera haikatwi: shika kikonyo chini kabisa, kisokote, uvute pembeni kichomoke chote. Kisiki kinachobaki huoza na kuoza huko hufika kwenye kichwa.

Wadudu gani niwatarajie?

Vidukari kwenye matumba, inzi weupe chini ya majani ya gerbera, na wachimba majani, ambao mistari yao meupe iliyopindapinda utaijua mara moja. Majani yenye mistari yachume uyachome. Kwa vidukari na inzi weupe, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, nyunyizia mgongo wa jani wakati wa jioni mapema, na ujaribu kwanza jani moja usubiri siku nzima. Mafuta ya mwarobaini husaidia pia. Ua likichanua usilipulizie, nyuki wanalifanyia kazi. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga. Tenganisha mimea ipate hewa.

Konokono wawinde kwa tochi usiku.

Gerbera za chombo cha maua zinapinda shingo baada ya siku mbili.

Jaza maji kidogo, sentimita tatu hadi tano tu. Kikonyo cha gerbera kina vinyweleo na huoza haraka kikizama. Chombo kiwe safi kabisa, ongeza tone la jiki, badilisha maji kila siku mbili na ukate ncha upya. Kikonyo ulichokichomoa bustanini kina kitako kigumu kisichonywa vizuri, kikate sentimita mbili au tatu kabla ya kukiweka.

Walio Arusha, Meru na maeneo ya Bonde la Ufa kama Nakuru, sikilizeni hili. Maji ya visima huko yana floridi nyingi, ileile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Gerbera iliyochumwa huathirika na floridi hata ya miligramu moja kwa lita: ncha za petali huungua na ua halifiki siku zake. Tumia maji ya mvua.

Zina sumu kwa mifugo au watoto?

Gerbera haina sumu kwa mbwa wala paka. Deizi ya kichaka ni tofauti. Yeye na ndugu zake wana linamarini, kitu kilekile kilichomo kwenye mihogo michungu, na jani likitafunwa hutoa sianidi. Huko Afrika Kusini kondoo wamekufa kwa kula jamii hii. Usizipande palipo na mbuzi wa kufungwa kamba, na matawi unayopogoa usiwatupie.

Ni kweli gerbera husafisha hewa ya ndani?

Maneno hayo yalitokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambapo gerbera ilikuwa miongoni mwa mimea iliyopunguza kemikali ya benzini kwenye visanduku vilivyozibwa. Sebule si kisanduku. Fungua dirisha, na gerbera uiweke kwa ajili ya kuitazama.

Zinaweza kugeuka magugu?

Gazania imetoroka bustanini na kuwa gugu huko California na Australia Kusini, na ndugu wa karibu wa deizi ya kichaka, aliyepelekwa Australia kama ua, sasa ni miongoni mwa magugu yanayopigwa vita nchi nzima. Matawi na mbegu usitupe porini wala kando ya mto.

Ninaishi Muscat. Na dada yangu yuko Leicester, Uingereza. Tufanyeje?

Muscat na Dubai deizi ni maua ya baridi: panda Oktoba mwishoni au Novemba, furahia mpaka Machi au Aprili, na joto la Mei likizimaliza usijilaumu. Gazania ndiyo inayodumu zaidi.

Leicester kalenda inageuka. Miche hutolewa nje baada ya sakitu ya mwisho, kwa kawaida mwishoni mwa Mei, na huchanua mpaka vuli ya huko. Mwezi wa Agosti au Septemba dada achukue vipandikizi vya deizi ya kichaka, aviweke kwenye dirisha lenye mwanga na baridi kidogo, maji machache sana mpaka Machi. Gerbera aiingize ndani pamoja na chungu chake kabla ya usiku wa kwanza wa sakitu.